Mchunga Ng'ombe Aliyeingia Chuo Kikuu

Kijana akitoka kwao kwenda chuo kikuu, wazazi hutaka kujua anakwenda kusoma nini. Akisema uganga, wote wanafurahi. Akisema sheria, wanafurahi pia. Lakini akijibu, "Ninakwenda kusoma mashairi ya zamani, mashairi ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita," basi nyumba nzima inanyamaza. Baba anakohoa, mama anatazama chini. Mwishoni mmoja anauliza neno ambalo wote wanalo moyoni: "Mashairi hayo yatamletea mtu faida gani?"

Swali hilo si baya. Waingereza wenyewe waliliuliza, tena si wakulima tu, bali hata wakubwa wa vyuo. Kwa miaka mingi walikataa kabisa mashairi ya lugha yao yawe somo la chuo kikuu. Leo nataka kuwasimulia jinsi mashairi ya kale ya Waingereza yalivyotungwa, jinsi yalivyokaribia kupotea, na jinsi yalivyopata kuingia katika vyuo vikubwa. Habari yenyewe inaanza katika zizi la ng'ombe.

MTU ALIYEKIMBIA KINUBI

Mwaka wa 657 mama mmoja mtawa, jina lake Hilda, alianza kuongoza monasteri mahali panapoitwa leo Whitby, juu ya mwamba kando ya bahari, upande wa kaskazini wa Uingereza. Mama Hilda alikuwa wa ukoo wa wafalme. Katika monasteri yake waliishi watawa wanaume na watawa wanawake, na wote walimtii yeye. Watano katika wanaume waliofundishwa kwake walipata kuwa maaskofu.

Karibu na monasteri hiyo aliishi mtu mmoja jina lake Caedmon. Huyu hakuwa mtawa wala msomi. Alikuwa mtu mzima, na kazi yake ilikuwa kuchunga ng'ombe. Siku zile watu wakikutana karamuni walikuwa na desturi ya kupitisha kinubi mkono kwa mkono, na kila mmoja sharti aimbe kwa zamu yake. Caedmon hakujua wimbo hata mmoja. Alipoona kinubi kinamkaribia, alisimama kimyakimya, akatoka, akarudi kwake. Wengi wetu tunaijua aibu ya namna hiyo.

Usiku mmoja alifanya vilevile. Zamu ya kulinda ng'ombe ilikuwa yake, basi akaenda zizini, akalala. Katika ndoto akamwona mtu anamwita kwa jina na kumwambia aimbe. Caedmon akajibu kwamba hajui kuimba, ndiyo maana ametoka karamuni. Yule akamwambia kwamba ataimba tu, tena aimbe mwanzo wa vitu vyote. Palepale Caedmon akaanza kumsifu Mungu Mwumba kwa maneno ambayo hakuwa ameyasikia kwa mtu. Alipoamka aliyakumbuka yote, akaongeza mengine.

Asubuhi alimweleza msimamizi wake, na huyo akampeleka kwa Mama Hilda. Mama huyo hakumcheka. Aliita watu wenye elimu, akamwambia Caedmon aimbe mbele yao. Kisha wakamweleza habari moja ya Maandiko Matakatifu ili wamjaribu. Akaenda zake, na kesho yake akarudi na habari ileile imekwisha kuwa shairi zuri. Hilda akampokea katika utawa, akaagiza afundishwe historia yote ya wokovu. Kila alilosikia alilitafakari moyoni kama mnyama anayecheua, akalitoa tena katika shairi tamu, hata walimu wake wakawa wanafunzi wake.

Lugha ya wasomi wakati ule ilikuwa Kilatini. Caedmon aliimba kwa lugha ya nyumbani, lugha ya zizini. Hata hivyo wenye elimu waliketi wakamsikiliza.

WALIOANDIKA NA WALIOTUNZA

Habari hii tunaipata kwa Mtakatifu Beda, mtawa wa monasteri ya Jarrow, ambaye alimaliza kuandika Historia ya Kanisa la Waingereza mwaka wa 731. Beda aliandika kwa Kilatini. Alipofika kwenye wimbo wa Caedmon alitoa maana yake tu, akaeleza kwamba shairi haliwezi kugeuzwa neno kwa neno kutoka lugha moja hata nyingine bila kupoteza uzuri wake. Lakini waandishi walionakili kitabu chake hawakuridhika. Wengine wao waliyaandika maneno yenyewe ya Kiingereza kwa herufi ndogo, mahali palipobaki wazi katika ukurasa. Nakala mbili za karne ileile ya 8 zipo hata leo: moja Cambridge, nyingine St Petersburg katika Urusi. Hivyo tumepata mistari 9 ya mchunga ng'ombe. Ndiyo shairi la Kiingereza la kale kuliko yote ambayo jina la mtungaji wake linajulikana.

Beda mwenyewe alikufa mwaka wa 735. Katika siku zake za mwisho, pumzi ikiwa imekwisha kuwa fupi, alikuwa anaigeuza Injili ya Mtakatifu Yoane katika Kiingereza. Kijana aliyemwandikia alimwambia kwamba imebaki sentensi moja. Beda akaisema, kijana akaiandika, ndipo mzee akapumzika. Mtu huyu aliyejua Kilatini kuliko wengi wa wakati wake hakuiona lugha ya mama yake kuwa kitu cha aibu.

Baada yake wengine walishika kazi hiyo. Asser, aliyeandika maisha ya Mfalme Alfred mwaka wa 893, anasimulia kwamba mama wa Alfred aliwaonyesha wanawe kitabu kizuri cha mashairi ya Kiingereza, akaahidi kumpa yule atakayekijua upesi kuliko wenzake. Alfred, ingawa alikuwa mdogo wao, akakipeleka kwa mwalimu, akakijua kwa moyo, akakipata. Na Askofu Leofric wa Exeter, aliyekufa mwaka wa 1072, aliliachia kanisa lake kuu vitabu vingi. Kimoja kilikuwa kitabu kikubwa cha mashairi ya Kiingereza. Kitabu hicho kingali Exeter hata leo.

MOTO, KISU NA NYUNDO

Lakini mwaka wa 1066 Wanormandi walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaishinda Uingereza. Wakubwa wakasema Kifaransa, mapadri wakaandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki kwa watumishi na wakulima. Polepole lugha yenyewe ikabadilika. Geoffrey Chaucer, mtunga mashairi mkuu wa Waingereza aliyekufa mwaka wa 1400, aliandika tena kwa lugha ya watu wake, lakini Kiingereza cha Caedmon kilikuwa kimekwisha kuwa kama lugha ya kigeni. Vitabu vya kale vikabaki kabatini, hakuna wa kuvisoma.

Kitu kisichosomwa huanza kudharauliwa. Kile kitabu cha Exeter kina alama ya mviringo ya kikombe kilichowekwa juu yake, kina mikato ya kisu, na kurasa zake za mwisho zimetobolewa na moto. Kisha, kati ya mwaka wa 1536 na wa 1540, Mfalme Henry wa Nane alizifunga monasteri zote za Uingereza. Vitabu vyao vikatawanyika, vingi vikaharibika kabisa. Watu wachache wenye kupenda mambo ya kale, kama Robert Cotton, walikusanya vilivyobaki.

Hata huko havikuwa salama. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1731 nyumba ilimowekwa maktaba ya Cotton, katika Westminster, ilishika moto. Watu walivunja makabati na kuvitupa vitabu madirishani. Kimojawapo kilikuwa na shairi la Beowulf, shujaa aliyepigana na mazimwi, lenye mistari 3182. Nakala yake ni hiyo moja tu duniani. Ilipona, lakini kando za kurasa zilikuwa zimeungua, na kila ilipoguswa vipande vilianguka. Mwaka wa 1787 msomi mmoja wa Iceland, Thorkelin, aliifanyia nakala mbili, moja kwa mkono wake na moja kwa mkono wa mwandishi. Mwaka wa 1807 Waingereza waliupiga Copenhagen kwa mizinga, na nyumba ya Thorkelin ikaungua pamoja na kazi yake ya miaka mingi. Zile nakala mbili zikaokoka. Leo, mahali ambapo kando za kurasa zimepukutika, wasomi huzitazama nakala hizo wapate kujua herufi zilizopotea.

Tena kuna shairi ambalo ndani yake Msalaba wa Bwana wetu Yezu Kristu unasema wenyewe na kusimulia mateso yake. Maneno yake mengine yalichongwa zamani katika msalaba mrefu wa mawe huko Ruthwell, katika Scotland. Mwaka wa 1642 msalaba huo ulivunjwa kwa amri ya wakubwa wa dini wa nchi ile, waliouona kuwa sanamu. Vipande vikalala chini karne na zaidi, mpaka mchungaji wa mahali pale alipoviunganisha tena mwaka wa 1823. Mwaka mmoja kabla yake, Mjerumani mmoja alikuwa amegundua katika maktaba ya kanisa kuu la Vercelli, Italia, kitabu cha Kiingereza cha kale chenye shairi lilelile zima. Vercelli ni mji ulio katika njia ya mahujaji waendao Roma. Wasomi walipoyalinganisha maneno ya kitabu na ya jiwe, waliona ni ndugu. Kilichovunjwa kwa nyundo katika nchi moja kilikuwa kimetunzwa katika nchi nyingine.

MLANGO WA CHUO KIKUU

Sasa turudi kwa swali la yule baba. Oxford ni chuo kikuu cha kale, kilifundisha tangu karne ya 12. Lakini kwa karne nyingi mwanafunzi wake alisoma mashairi ya Warumi na ya Wagiriki, si ya Waingereza. Mwaka wa 1795 walimweka profesa wa kwanza wa Kiingereza cha kale, lakini hapakuwa na mtihani wala digrii ya somo hilo. London ndiko walikoanza kuwa na profesa wa Kiingereza mwaka wa 1828. Mwaka wa 1864 Frederick Furnivall alianzisha chama cha kupiga chapa maandiko ya kale ya Kiingereza. Wanachama walilipa ada kila mwaka, na kwa fedha hiyo vitabu vilitoka kabatini kimoja kimoja, vikawafikia watu. Chama hicho kinaendelea hata leo.

Oxford walipotaka kuanzisha somo la Kiingereza, wengi walipinga. Walisema: Lugha hii kila mtu anaisema nyumbani, ya nini kuifundisha? Mtihani wake utakuwa mtihani gani? Si maongezi tu baada ya chakula? Na tazameni ajabu: mashairi ya zamani ndiyo yaliyosaidia kufungua mlango. Kwa maana hayo hakuna awezaye kuyasema kuwa rahisi. Sharti mwanafunzi ajifunze sarufi yake kama anavyojifunza Kilatini. Mwishoni, mwaka wa 1894, somo la Kiingereza lilianza rasmi katika Oxford, na lugha ya Caedmon ikawa ndani yake. Mwaka mmoja tu kabla, 1893, nyumba mpya ya wanafunzi wanawake ilikuwa imefunguliwa pale Oxford ikapewa jina la Mtakatifu Hilda. Yule mama aliyemsikiliza mchunga ng'ombe alitangulia, na mchunga ng'ombe akafuata.

YATIMA WA BLOEMFONTEIN

Kati ya wote waliopita mlango huo, mmoja amejulikana dunia nzima. John Ronald Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Baba yake alikufa huko mwaka wa 1896, mama akiwa amekwisha kuwapeleka watoto Uingereza. Mwaka wa 1900 mama huyo aliingia katika Kanisa Katoliki. Jamaa walikasirika, msaada ukakatwa. Akawalea watoto wake wawili katika umaskini, akawafundisha mwenyewe Kilatini na mambo mengine, akafa mwaka wa 1904. Aliwaacha mikononi mwa Padri Francis Morgan wa Birmingham, naye akawatunza kama baba.

Kijana huyo aliingia Oxford mwaka wa 1911 kusoma Kilatini na Kigiriki, masomo ya heshima. Hakufanya vizuri sana katika mtihani wa mwaka wa 1913, ila katika karatasi moja tu, ile ya kulinganisha lugha. Walimu wake wakaona moyo wake uliko, wakamruhusu kuhamia somo la Kiingereza. Mwaka wa 1915 akashinda kwa daraja la kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa vitani katika Ufaransa, na rafiki zake wapenzi wakafa huko. Yeye alirudi mgonjwa, akapona. Tangu mwaka wa 1925 mpaka 1959 alikuwa profesa katika Oxford, akifundisha mashairi hayo ya kale. Vitabu vyake vya hadithi, vilivyompa sifa kubwa, vimejaa maneno na fikira alizozipata humo.

Tarehe 25 Novemba 1936 alitoa hotuba juu ya shairi la Beowulf mbele ya wasomi wa London. Aliwapa mfano huu. Mtu mmoja alikuta mawe ya nyumba ya zamani, akajenga nayo mnara. Rafiki zake wakaja, wakaubomoa ili wachunguze mawe yametoka wapi, kisha wakalalamika kwamba umevurugika. Hawakutambua kwamba mwenye mnara aliweza kupanda juu na kuitazama bahari. Maana yake ni hii: wasomi walikuwa wanalibomoa shairi kutafuta habari za vita na wafalme, wakasahau kulisikiliza kama shairi.

MWANAFUNZI ANAFANYA NINI?

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni mchezo. Mwanafunzi wa mashairi hayo anaanza na kamusi na majedwali ya sarufi. Anakuta herufi asizozijua. Anafunzwa kwamba mistari haina vina mwishoni kama mashairi tuliyoyazoea. Kila mstari umegawanyika sehemu mbili, na sehemu hizo zinafungwa pamoja na maneno yanayoanza kwa sauti moja, kwa mapigo manne ya nguvu. Siku ya kwanza anasoma mistari mitano kwa saa nzima, na bado hana hakika.

Lakini polepole watu wa zamani wanaanza kumsemesha. Anagundua kwamba neno lao la kumwita bwana lilikuwa na maana ya mlinzi wa mkate, na la kumwita bibi wa nyumba lilikuwa na maana ya mkanda mkate. Hapo anajua kwamba kwao mkubwa ni yule anayelisha wengine. Anaona kwamba mwili waliuita nyumba ya mifupa. Anasoma shairi la karne ya 14 la baba anayemlilia binti yake mdogo aliyekufa, ambalo nalo limebaki katika nakala moja tu, katika maktaba ileile ya Cotton iliyoungua. Baba huyo hatumjui jina. Kilio chake tunakijua.

Basi faida yake ni nini? Anayesoma hivyo anajifunza kusikiliza kwa uvumilivu mtu asiyeweza tena kujieleza. Anajifunza kutokusema "nimeelewa" kabla ya kuelewa. Tena anajifunza kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na digrii. Kiingereza, ambacho leo kinasifiwa kila mahali, kiliwahi kuwa lugha ya zizini, kikaachwa nje ya mlango wa chuo chake chenyewe hata mwaka wa 1894. Kilipona kwa sababu Mama Hilda hakucheka, mwandishi alitumia nafasi iliyobaki katika ukurasa, askofu alitoa kitabu, na mgeni wa Iceland alinakili kurasa zilizoungua. Kila mmoja alifanya kazi ndogo, na kama mmoja wao angaliona kazi yake haina faida, leo tusingekuwa na kitu cha kusoma.

Nawe, ndugu msomaji, usiku mzee wa kwenu anapoimba wimbo ambao wengine hawaujui tena, usiondoke kama Caedmon alivyokimbia kinubi. Keti usikilize. Na kama una kalamu, andika.

Beda anasimulia pia kifo cha Caedmon. Alipojua saa yake imekaribia aliomba Ekaristi, akawauliza wenzake kama kuna mtu mwenye neno naye moyoni. Wakasema hakuna. Akajibu kwamba naye hana neno na mtu, akafanya ishara ya msalaba, akalala usingizi. Hakujua kwamba mistari yake 9 ingesomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Mwaka hata mwaka, wanafunzi wa Kiingereza cha kale husoma maneno ya mtu ambaye hakuwahi kuingia shuleni.